Naomba ushauri: barua za mapadre alizoacha babu

Ndugu zangu, naomba ushauri wenu. Marehemu babu yangu alikuwa katekista huku Kisumu, naye alituachia sanduku la bati lenye barua za mapadre, orodha za wabatizwa na madaftari ya mafundisho ya dini kwa Kiluo. Nyingi ni za mapadre wa Mill Hill, shirika lililoanzishwa London mwaka 1866 na kufika Kisumu mwaka 1903. Lakini fungu moja liliandikwa na padre Mjesuiti, yaani wa Shirika la Yesu, shirika jingine la Kikatoliki, aliyekuwa rafiki yake, na hilo ndilo linaloninyima usingizi, kwa kuwa unyevu umefifisha wino na mchwa wamekwisha kula pembe za karatasi.

Najua kwamba Wajesuiti wana taasisi ya historia jijini Nairobi na hifadhi kuu ya nyaraka huko Roma. Je, nilitoe fungu hilo peke yake, au sanduku lote libaki pamoja kama babu alivyolipanga? Kwangu mimi, mpangilio wake ni sehemu ya historia yenyewe.

Jirani alinishauri nizigandishe barua ndani ya plastiki kwa joto. Nilikataa, kwani plastiki hiyo haibanduki bila kuiharibu karatasi. Kwa sasa nimeondoa pini zenye kutu na kupiga picha kila ukurasa.

Aliyewahi kukabidhi nyaraka za familia anieleze mkataba uliandikwaje, na majina ya wabatizwa ambao wangali hai yalilindwaje.