Mjadala: Kauboi, mazombi na vichekesho katika picha moja, Tanga tuthubutu?

Mwanzisha mada, Ngamiani

Wanajamvi, kuna vijana hapa mjini wanataka kutengeneza picha ya misukule ya kuchekesha, yenye bunduki na makofia mapana, na mtaa umegawanyika. Wazee wanasema wafu hawachekwi. Vijana wanasema Wamarekani wameshafanya, sisi tuna nini? Basi tuanze na hao Wamarekani, kuliko kugombana hewani. Mfano ninaoujua ni Undead or Alive ya mwaka 2007, iliyoongozwa na Glasgow Phillips.

Kisa kwa ufupi: askari mtoro (James Denton) na kauboi bwege (Chris Kattan) wanamwibia sherifu, wanakimbia, njiani wanakutana na Sue, mpwa wa Geronimo (Navi Rawat). Geronimo ameacha laana juu ya Wazungu, na laana hiyo ndiyo inayofufua maiti.

Nguvu ya picha naiona hapo hapo. Maiti wana sababu ya kuamka. Picha nyingi za mazombi sababu yake ni virusi, au hupewi kabisa. Hapa sababu ni ardhi. Geronimo wa kweli, kiongozi wa Waapache, alijisalimisha 1886 na akabaki mfungwa wa vita mpaka alipofariki Oklahoma mwaka 1909, hakuruhusiwa tena kurudi kwao Arizona. Mtu kama huyo akiacha laana, yeyote aliyesikia habari za babu yake kunyang'anywa shamba anaelewa bila kutafuniwa.

Udhaifu ni kwamba picha yenyewe inasahau ilichokianzisha. Imeweka jambo zito mezani, kisha inakimbilia kutoa macho, kuanguka na kumwaga matumbo. Kattan anakunja uso kila dakika kama anayelipwa kwa mikunjo. Nilicheka, sikatai, halafu nikachoka.

Rai yangu: kuchanganya si kosa. Kosa ni kutojua unamcheka nani. Karibuni.

Wa Makorora

Mkuu, hiyo ni insha. Kauboi ni ngumi na farasi, basi. Waigizaji Terence Hill na Bud Spencer wanatuchekesha tangu picha ya Trinity ya 1970, na kwenye mabanda ya video hakuna aliyewahi kuuliza wanamcheka nani. Steringi anakomba maharage, anagawa makofi, watu wanarudi nyumbani na furaha zao.

Mwanzisha mada

Mdogo wangu, hukuuliza kwa kuwa jibu ulikuwa nalo. Anayekula makofi mle ni meja anayetaka kuwafukuza wakulima bondeni ili farasi wake wapate malisho. Kibao kinamwendea mwenye mabavu. Angekuwa anapigwa mkulima usingecheka, hata Bud Spencer awe mnene mara mbili.

Bi wa Chumbageni

Mimi mtu mzima, nitasema taratibu. Nyinyi mnazungumza msukule kama kitu cha sinema. Hapa kuna watu wamezika mtoto, akaja mpiga ramli akawaambia mtoto hakufa, yuko kwa fulani, analimishwa usiku. Kaburi limefungwa lakini msiba haujaisha. Fedha zinatoka, jirani ananuniwa, ndugu hawasalimiani. Huko Kanda ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa ajili ya macho mekundu tu, macho ya moshi wa kuni. Sasa mwanangu, ukimtoa msukule kwenye skrini anayumbayumba watu wacheke, yule mama aliyekaa safu ya nyuma unamwambia nini?

Wa Raskazone

Shikamoo bi mkubwa. Umegusa penyewe, nitarudi.

Mimi kwenye hiyo picha kilichonichefua ni Sue. Mpwa wa Geronimo ameigizwa na dada ambaye mama yake ni Mjerumani na baba yake katoka India. Columbus alipotea njia 1492 akadhani kafika India, akawaita wenyeji wa Amerika Wahindi. Zaidi ya miaka mia tano baadaye Hollywood nayo bado imepotea hapo hapo. Picha inataka tumwonee huruma mwenye ardhi, halafu mwenye ardhi mwenyewe haitwi kazini.

Mwalimu, Duga

Bi mkubwa ana haki ya kuogopa, ila historia ya hawa mazombi inaweza kusaidia upande wake. Zombi asili yake ni Haiti, nchi ya mashamba ya miwa na utumwa. Kule zombi hatafuni watu. Analimishwa. Hofu ya mtu aliyetoka utumwani si kufa, ni kufa halafu bado akatumikishwa. Marekani iliikalia Haiti kijeshi kuanzia 1915 hadi 1934, na hadithi zikahamia kwao. Katika White Zombie ya 1932 kuna kinu cha miwa kinachozungushwa na wafu, mmoja anaangukia ndani na wenzake hawageuki hata shingo, kazi inaendelea. Huo ulaji wa nyama umekuja na mwongozaji George Romero, kwenye Night of the Living Dead ya mwaka 1968, na tangu hapo dunia nzima inaiga ulaji, imesahau kinu.

Sasa niambieni, msukule wa kwetu yuko karibu na yupi? Na sisi ni watu wa mkonge! Mkonge uliletwa na Mjerumani Hindorf mwaka 1893, miche ikafia njiani, ikapona 62. Kutokana na hiyo yakaja mashamba ya Tanga, na manamba walioletwa kutoka Kigoma, Ruanda, Urundi na kusini, kila mtu na namba yake. Mandhari ya kauboi nayo tunayo bila kuazima, maana mkonge wenyewe kwao ni Meksiko. Simama katikati ya shamba saa nane mchana, utasubiri tu Franco Nero, yule steringi wa picha ya kauboi ya Django, atokee anaburuta jeneza.

Wa Sahare

Na Kisiwa cha Toten kiko pale ghubani, makaburi na magofu ya misikiti tayari. Vita navyo tulikuwa navyo: Novemba 1914, Vita Kuu ya Kwanza, Waingereza walishusha hapa Tanga wanajeshi kama 8,000, upande wa Wajerumani walikuwa kama 1,000. Nyuki wakatoka mizingani, hawakuchagua upande. Waingereza wakarudi melini. Hicho kichekesho hakuna aliyekitunga.

Wa Usagara

Mimi mtu wa kamera, nijibu ya kamera. Romero alitumia nyeusi na nyeupe, damu yake ilikuwa sharubati ya chokoleti. Kwa hiyo msiseme fedha. Picha zetu nyingi zinaangushwa na sauti: upepo, pikipiki, mtu ananong'ona halafu muziki unamzika. Vichekesho bila sauti safi havipo. Na kibali cha Bodi ya Filamu si hiari, sheria iko tangu 1976.

Halafu kumbukeni mwisho wa ile ya Romero. Steringi ni mtu mweusi, Duane Jones. Anashinda mazombi usiku kucha, asubuhi anapigwa risasi na raia wenye bunduki waliokuja kuokoa watu. Ukinitafutia kauboi ndani ya mazombi, ndiyo hiyo, na haina farasi hata mmoja.

Mwanzisha mada

Mwalimu, umenipa picha nzima. Bi mkubwa, nakujibu wewe: wasicheke msukule. Msukule awe ndiye mwenye akili pekee mle ndani. Analimishwa mkonge usiku, siku moja anasimama mbele ya bwana shamba anadai mshahara wa miaka yote, pamoja na ule wa baada ya kufa. Karani anapekua daftari, anamwambia namba yako ilifutwa. Anayechekwa ni karani, ni tajiri, ni mpiga ramli anayelipwa pande zote mbili.

Bi wa Chumbageni

Hapo umekuja karibu. Lakini mpiga ramli usimfanye bwege. Mabwege hawakusanyi ng'ombe za watu. Mfanye mtanashati, msemaji mzuri, watu wampende kwanza. Na mwisho pale kaburini pasiwe na kicheko hata kidogo, ukiniwekea kicheko pale mimi natoka.

Wa Makorora

Sawa, mmenishinda kwa wingi. Farasi mnatoa wapi?

Wa Sahare

Punda.

Wa Makorora

Kauboi juu ya punda?

Wa Usagara

Niacheni na punda. Nani ana maikrofoni ya kuazima?