Bamba la kuunganisha injini na gia boksi ya gari jingine

Swali: Wakubwa, naunga injini ya Toyota, 2JZ, na gia boksi ya Nissan. Fundi wa Katwe, Kampala, atakereza bamba la alumini, milimita 20. Nimsisitizie nini?

Jibu: Kitovu: krenki na shafti ya gia boksi zikae kwenye mstari mmoja. Funga saa ya kupimia (ya sindano) kwenye flaiwili, gurudumu zito la nyuma ya krenki, zungusha krenki kwa mkono, soma mzunguko wa tundu la kengele ya gia boksi, yaani ganda lake la mbele linalofunika klachi. Sindano ikicheza zaidi ya milimita 0.13, sogeza bamba, ndipo utoboe matundu ya pini mbili za kushika kitovu. Bolti hubana tu, hazielekezi. Ukipuuza, beringi ya shafti italia na klachi haitaachia vizuri.

Jibu: Kwa unene wa bamba, shafti ya gia boksi nayo imerudi nyuma milimita 20! Ncha yake isipofika kwenye tundu la krenki, kereza bushi ndefu ya bronzi ya kuishikilia. Kuichomelea shafti, hapana: moto huua ugumu wa chuma, meno ya shafti yatakatika.