Nilikamatwa nimelala garini: nikubali kosa nilipe faini, au nikatae?

Dereva wa Kisauni

Wakubwa shikamooni. Nina shida na korti ni Jumatatu ijayo.

Usiku wa kuamkia Jumamosi nilikunywa bia tatu Mtwapa na jamaa zangu. Mchana wake nilikuwa nimemeza dawa ya mafua, sasa usingizi ukanibana njiani. Nikaingia kituo cha mafuta Bamburi, nikaegesha pembeni, nikazima injini, nikalaza kiti. Ufunguo niliuacha kwa swichi maana simu ilikuwa inachaji. Saa tisa usiku nashtuliwa na tochi kiooni. Nikapuliza ile Alcoblow, kipimo cha pombe kwenye pumzi, ikasoma 52. Nimelipa dhamana ya 10,000, risiti ninayo.

Kila mtu ananiambia, "Sema ni kweli, lipa, nenda nyumbani." Mimi kazi yangu ni kusambaza mikate kwa gari la tajiri. Nifanyeje? Na hata sikuwa naendesha!

Karani Mstaafu

Marahaba mwanangu. Nimekaa chini ya mahakimu miaka 22 nikiita majina ya kesi za trafiki, kwa hivyo nisikilize kabla hujawasikiliza hao wa "lipa uende".

Faini ndiyo kitu kidogo hapo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Trafiki ya Kenya kinasema faini isizidi 100,000, au kifungo kisichozidi miaka miwili, au vyote viwili. Watu husoma hapo wakaishia hapo. Mstari unaofuata ndio unaokuhusu wewe wa mikate: ukishatiwa hatiani, miezi 12 huna leseni wala hupewi nyingine, na hakimu akitaka anaongeza. Utalipa faini asubuhi, jioni tajiri anampa mwingine gari.

Hilo la "sikuwa naendesha" usilitegemee sana. Kifungu kinamshika anayeendesha, anayejaribu kuendesha, na hata mwenye gari mkononi mwake barabarani au mahali pa umma. Ufunguo kwenye swichi, wewe kwenye kiti cha dereva: kiongozi wa mashtaka atang'ang'ania hapo.

Lakini hiyo 52 nayo si msumari wa mwisho. Kanuni za kipimo za 2011 ziliweka kikomo cha mikrogramu 35 kwa mililita 100 za pumzi. Mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikasema kanuni haziwezi kuipiku sheria yenyewe, na sheria inataka ithibitishwe kwamba mtu alikuwa amelewa kileo au dawa kiasi cha kushindwa kulimudu gari. Namba peke yake haisemi hivyo. Askari aeleze alichokiona: uliyumba? Ulimi ulikuwa mzito? Uligonga kitu? Mtu aliyeegesha vizuri ndani ya mistari na kuzima injini ana la kusema.

Na hilo neno "dawa" usilidharau. Sikumbuki kuona limeandikwa ni bangi tu. Hiyo ya mafua usiitaje kortini kama kisingizio kabla hujazungumza na wakili, inaweza kukugeukia.

Mtu wa Likoni

Mimi nilikuwa wa "lipa uende". Tulikuwa kama thelathini kwenye benchi, wote tunanuka jana. Karani akisoma, mtu anajibu "ni kweli", anayefuata "ni kweli", ukifika wewe ulimi umeshazoea. Sikuomba hata nisomewe mara ya pili. Nimekaa mwaka mzima nikiwa utingo kwa lori nililokuwa naendesha mwenyewe. Nilipotaka rufaa wakili akanicheka: ukishakubali kosa, unachoweza kulalamikia huko juu ni adhabu tu.

Mama Swabra

Bia tatu Mtwapa, ukalala Bamburi. Gari lilitembea lenyewe?

Karani Mstaafu

Mama Swabra amepiga penyewe, na kiongozi wa mashtaka atapiga papo hapo. Mwanangu, habari za njiani usiziandike tena hapa. Hizo ni za wakili wako. Wala usije ukadanganya kizimbani. Una haki ya kuwaacha wao wathibitishe, basi.

Jumatatu ukisomewa, kama hujaelewa sema hujaelewa. Ukikana siku hiyo unaweza kubadilisha baadaye. Omba nakala ya karatasi ya mashtaka na maelezo ya mashahidi, uangalie wameandika kifungu gani na wamekuelezaje. Na nenda pale kituo cha mafuta sasa hivi, si kesho. Kamera hufutika.

Kuna siku kijana mmoja aliachiliwa mbele yangu kwa sababu askari mwenyewe alisema, "Alishuka akatembea vizuri, akanipa kitambulisho." Sentensi moja. Wakili wake alikuwa bado hajasimama. (Sikusema nawe utaachiliwa. Simjui hakimu wako.)

Dereva wa Kisauni

Mama Swabra, umenimaliza. Nimenyamaza.

Mzee, nimetoka kituoni. Kijana wa pampu ananikumbuka, anasema saa nane alinigongea kioo kuniuliza kama niko salama, nikamjibu niko sawa nikarudi kulala. Meneja anasema picha hukaa siku 14, na leo ni ya sita. Ametaka barua. Nimeiandika hapo hapo juu ya friji ya soda, amenigongea muhuri kwenye nakala yangu. Wakili namwona kesho saa nne.