Mjadala: Wimbo wa James Bond aachiwe staa peke yake?

Wadau, kila filamu mpya ya James Bond inapokaribia, hoja hurudi ileile: wimbo wa ufunguzi apewe staa anayevuma, atunge na watu wake, na mtunzi wa muziki wa filamu abaki na yake. Napinga. Hawa wawili wakae studio moja.

Tazameni Tomorrow Never Dies ya 1997. Mtunzi wake, David Arnold, alikuwa na wimbo tayari, Surrender, ulioimbwa na k.d. lang, na mahadhi yake ameyapenyeza katika muziki wa filamu. Watayarishaji wakampa Sheryl Crow ufunguzi. Surrender ukasukumwa mwishoni, majina yanapopita na watu wameshasimama kuondoka. Yaani filamu nzima inadokeza wimbo ambao mtazamaji hajausikia! Linaniuma hadi leo, maana wimbo ule una matarumbeta na kishindo chote anachostahili Bond.

Goldfinger ya 1964 ilifanywa vingine. John Barry, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, alitunga mahadhi, Leslie Bricusse na Anthony Newley wakaandika maneno, Shirley Bassey akaimba. Kisha Barry akayarudia mahadhi hayo ndani ya filamu, mara taratibu, mara kwa vitisho.

Mtasema biashara inataka jina kubwa. Sawa. Mwaka 1985 bendi ya Duran Duran, wakiwa wanatamba, walitunga A View to a Kill pamoja na Barry huyohuyo, na ndio wimbo pekee wa Bond uliofika namba moja Marekani kwenye chati ya Billboard Hot 100. Paul McCartney je, na Live and Let Die ya 1973? Okestra ya wimbo wake ilipangwa na George Martin, ambaye ndiye aliyetunga muziki wa filamu yenyewe.

Hoja nzito dhidi yangu ni Skyfall. Adele na Paul Epworth waliutunga bila Thomas Newman, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo, ukawa wimbo wa kwanza wa Bond kushinda Oscar, 2013. Ni wimbo mkubwa, sibishi. Lakini baada ya ufunguzi, mahadhi yake yanasikika waziwazi Bond anapofika kasino ya Macau, basi. Hazina namna ile imeachwa bila kutumika.

Mnaotetea staa peke yake, nitajieni wimbo mmoja wa namna hiyo ulioibeba filamu hadi mwisho. No Time to Die wa Billie Eilish msiulete: okestra yake ina mkono wa Hans Zimmer, mtunzi wa muziki wa filamu hiyo.