Lavenda inakauka kila masika, tatizo nini?

Wakuu, niko Ilemela, Mwanza. Mvua zikikolea, lavenda inakuwa kijivu kuanzia chini, na simwagilii kabisa.

— Mizizi inaoza, mkuu. Ng'oa mche mmoja: ukikuta mizizi ya kahawia, ganda linachubuka ukivuta, ndiyo hiyo. Inua tuta sentimita 30, nusu udongo, nusu mchanga mnene na kokoto. Samadi acha, inanenepesha majani tu.

— Na usitandaze nyasi shinani, zinashika unyevu. Weka changarawe (Mwanza tukose mawe?). Mche hadi mche sentimita 60, upepo wa ziwa upite.

— Aina pia. Ile ya Kiingereza hutaka baridi ndipo ichanue vizuri. Tafuta dentata, majani yake yana meno kama msumeno. Pogoa theluthi kabla ya masika, ila usikate kijiti kikavu kisicho na majani, hapo haichipui.