Tupeane uzoefu: tela la chuma au la alumini?

Mpitanjia255
Wakuu, kuna jamaa anatafuta semi-tela mbili za ekseli tatu, njia ya Dar – Tunduma – Lubumbashi. Kwenda ni mbolea na saruji, kurudi ni shaba. Muuzaji wa alumini anamwambia atapakia karibu tani mbili zaidi kila safari. Muuzaji wa chuma anamwambia alumini ni sufuria, itapasuka kabla ya mwaka kuisha. Wenye kujua mseme kwa vipimo, ushabiki tuuache.

Chesesi Nyekundu
Anza na mizani. Kwa sheria ya uzito ya Afrika Mashariki ya 2016, ekseli ya mbele ni tani 8, mbili za kuvuta 18, tatu za tela zenye matairi mawilimawili 24. Semi ya ekseli sita inafika 50. Hosi (kichwa cha kuvuta tela) ya 6x4 ikiwa na mafuta na vifaa vyake inakula kama 9. Flati (tela lisilo na kuta) ya chuma ina tani 7 hadi 8, ya alumini 5.5 hadi 6. Fanya hesabu: chuma unabeba 33.5 hivi, alumini 35 na ushee. Kwa hiyo huyo wa alumini hajadanganya sana.

Ila muulize jamaa yako: analipwa kwa tani au kwa gari? Kwa tani, hiyo tofauti ni pesa kila safari, na gari likirudi tupu linavuta mzigo mdogo. Akiwa na kazi ya kontena analipwa kwa boksi, wepesi wa tela haumwongezei hata senti kwenye ankara. Hapo achukue chuma, chenji anunulie matairi.

Binti Mapinga
Kwa tani au kwa gari. Hapo ndipo penyewe.

Yadi ya Mlolongo
Hata kwenye tangi la mafuta hesabu hubadilika kulingana na bidhaa. Lita moja ya dizeli ni kama kilo 0.84, petroli 0.74. Tangi la alumini likiwa jepesi kwa tani 2.5, hizo ni karibu lita 3,000 zaidi za dizeli. Lakini ukiwa na tangi la lita 40,000 na unabeba petroli, mzigo wote hauzidi tani 29.6. Tangi linajaa kabla hujafikia kikomo cha mizani, kwa hivyo wepesi wa alumini haukuongezei hata lita moja. Watu hununua alumini kwa hesabu ya dizeli halafu wanapewa kazi ya petroli.

Dereva wa Nyika
Nyie mnahesabu kilo, mtu amelala Makambako saa nane usiku mbavu ya tela imekatika. La chuma atapata fundi mwenye jenereta na fimbo za kuchomelea, asubuhi anaondoka. La alumini atamwita nani? CHUMA. Mjadala ufungwe.

FundiArgoni
Dereva wa Nyika, huyo fundi wa usiku ndiye anayeua matela ya chuma. Ufa uko chini ya boriti, yeye anapiga mshono mmoja wa kukata boriti kwa upana, anabandika kipande cha mraba juu. Ule mshono ndio ufa wa mwezi ujao. Kwenye chuma: chimba ufa mpaka mwisho wake, fimbo za kuchomelea ziwe za aina ya E7018, kavu, na kiraka kiwe na ncha za mshazari kama almasi ili nguvu isikatikie sehemu moja.

Alumini nayo inachomeleka, ila ina masharti yake. Utando wa oksidi wa juu ya alumini unayeyuka kwenye nyuzi 2,000 na zaidi, chini yake metali inayeyuka kwenye 660. Usipouondoa, unaona mshono mzuri kwa juu na ndani haujashika. Kwa hiyo: futa grisi kwa asetoni, piga brashi ya chuma kisichoshika kutu ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida. Toboa tundu la milimita 6 hadi 8 kila mwisho wa ufa ili usiendelee kutembea. Chimba mfereji kwa kibiti cha kabaidi, si kwa jiwe la kusagia, maana jiwe linaacha chembe ndani. Gesi iwe argoni tupu, ile ya mchanganyiko wa kaboni dioksidi unayotumia kwenye chuma itaharibu kazi yote. Waya wa kuchomelea uwe wa aina ya ER5356 au ER5183, na bunduki yenye koili yake juu kwa sababu waya ni laini na unajikunja njiani.

Na mjue hili kabla hamjanunua: boriti za alumini ya aina ya 6061-T6 zikichomelewa, ule ukanda wa pembeni ya mshono uliopata joto unapoteza karibu asilimia 40 ya nguvu. Haurudi. Ndiyo maana kiwanda kinaweka mishono mbali na sehemu inayobeba zaidi, na fundi wa mtaani anaweka popote palipopasuka.

Kilindini Kwetu
Kuna fimbo za alumini pia, unachomelea na mashine ileile ya kawaida. Msitishe watu.

FundiArgoni
Zipo, na zinanyonya unyevu kama chumvi. Mshono unajaa vitundu. Kifuniko cha kisanduku cha vifaa, sawa. Boriti ya kubeba tani 35, hapana. Halafu nyingi ni za kundi la 4043, ambalo kwenye pleti ya alumini ya aina ya 5083 linatoa mshono wa kuvunjika kama kigae.

Kilindini Kwetu
Zinafanya kazi kila siku huku.

FundiArgoni
Kwenye sufuria.

Mama Tenki
Samahani naingilia, ila mmetaja kuchomelea na tangi la mafuta kwenye uzi mmoja na hakuna aliyesema la muhimu. Tenki linaloua mafundi ni lile lililokaa tupu siku tatu. Limemwagwa, harufu imepungua, mtu anasema limekauka. Chukueni chumba kimoja cha lita 10,000. Petroli inaanza kulipuka mvuke ukifika asilimia 1.4 ya hewa. Hiyo ni lita 140 za mvuke, na inatosha kutoka kwenye petroli isiyofika hata lita moja, iliyojificha nyuma ya kizuizi cha ndani au kwenye bomba la chini. Mvuke ni mzito kuliko hewa, unalala sakafuni ambako pua ya aliyechungulia juu haifiki. Cheche moja, vifuniko vinaruka na aliyekaa juu yake.

Kwa hiyo: mwaga yote, fungua mifuniko na valvu zote, suuza kwa maji, ingiza mvuke wa moto kwa saa kadhaa mpaka ganda lote liwe moto, kisha pulizia hewa. Pima kwa kipimo cha gesi juu, katikati na chini, kila chumba, na mabomba. Subiri nusu saa, pima tena, kwa sababu masalia yanaendelea kutoa mvuke. Kisome sifuri ndipo fundi aanze, na hewa iendelee kupulizwa. Ile ya kuingiza moshi wa ekzosi ili "kufukuza gesi" acheni kabisa.

Na hapa alumini ina hatari yake yenyewe: wapo wanaoosha tenki la chuma kwa kostiki soda. Ukifanya hivyo kwenye alumini, soda inaila metali na kutoa haidrojeni. Umeondoa gesi moja ukaweka nyingine.

Binti Mapinga
Hii ya kostiki iandikwe ukutani kwenye kila gereji.

Chesesi Nyekundu
Na tenki likipinduka barabarani, liwe chuma liwe alumini, watu wakae mbali. Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, zaidi ya 100 walikufa.

Dereva wa Nyika
Mungu awalaze pema.

Yadi ya Mlolongo
Pia toeni waya wa ABS (mfumo wa breki) na mchomoe betri kabla ya kuchomelea trela lolote, na waya wa ethi ubanwe karibu na mshono. Umeme ukipitia kwenye bearing za gurudumu, zinaliwa.

Mpitanjia255
Nashukuru sana Mama Tenki. Sasa wakuu, shaba na mbolea?

FundiArgoni
Shaba ya vipande ikifungwa vizuri juu ya mbao haina shida. Unga wa shaba ndio adui: chembe zikikaa kwenye alumini na unyevu, alumini inaliwa vishimovishimo. Saruji iliyolowa nayo inaila. Mbolea inakula vyote viwili, ila chuma kinaonyesha kutu mapema. Osha kwa maji kila baada ya kushusha, hasa chini ya sakafu. Kwenye chuma, hakikisha boriti za boksi zina tundu la kutoa maji la milimita 10 sehemu ya chini kabisa, la sivyo zinaoza kutokea ndani, rangi ikiwa bado inang'aa.

Kilindini Kwetu
Tipa la mawe je?

Chesesi Nyekundu
Chuma, sakafu ya Hardox 450, chuma kigumu kisicholika haraka. Lami ya moto pia chuma. Nafaka, alumini.

Mpitanjia255
Jamaa ameonyeshwa moja la alumini lililotumika Ulaya. Aangalie nini?

FundiArgoni
Aje na rangi ya kupenyeza. Anapulizia nyekundu, anasubiri dakika 10 hadi 15, anafuta, anapulizia nyeupe. Ufa unatokea kama uzi mwekundu. Apige shingoni boriti inapopinda, kuzunguka pleti ya kingpini (pini ya tela inayoshikwa na hosi), kwenye mabano ya miguu na ya springi. Boliti yenye mstari mweusi chini yake inacheza. Unga mweupe pale chuma kinapokutana na alumini maana yake kitenganishi kimekufa, na ukanda wa Dar kwa chumvi ya baharini unamalizia haraka. Kingpini ikiwa mpya ni milimita 50.8. Ikisoma chini ya 49, aibadilishe kabla ya kuvuta. Na kama kuna kiraka cha mraba popote kwenye boriti, aache.