MREJESHO: Mke wangu, maumivu mwili mzima na vipimo vyote safi

Wakuu, niliomba ushauri hapa kuhusu mke wangu: maumivu mwili mzima, analala lakini anaamka kachoka, na kila kipimo kinarudi safi. Asanteni sana.

Tulimfuata daktari wa magonjwa ya viungo kama mlivyoshauri. Ni fibromayaljia, yaani ugonjwa wa maumivu ya muda mrefu mwili mzima. Hakuna kipimo cha damu kinachoionyesha. Daktari huangalia maumivu yaliyosambaa kwa zaidi ya miezi 3, uchovu na usingizi mbovu, akishahakikisha si tezi ya shingo wala baridi yabisi. Kwa hiyo vile vipimo havikuwa hela ya bure.

Ameandikiwa amitriptilini, dawa ya sonona ambayo kwa dozi ndogo hutumika kwa maumivu na usingizi, miligramu 10 usiku. Usingizi umerudi, ila mdomo unakauka na asubuhi anaamka mzito. Aliyesema atembee kidogo kidogo, ubarikiwe. Siku akijiona mzima akafua nguo zote, kesho yake haamki. Diklofenaki, ile dawa ya kutuliza maumivu, haikusaidia kitu, ameacha. Kuchuliwa ni raha ya siku hiyo tu.

Mabega bado yanauma, lakini amerudi dukani kwake. (Shangazi bado anasema amerogwa.) Wenye shida ya moyo, amitriptilini msijinunulie, muulizeni daktari kwanza.